Wapeni watoto wa darasa la pili nafasi ya kupanga wiki yao

Kila nikipiga simu nyumbani naambiwa watoto wa Ulaya hawasomi, wanacheza tu. Nilifundisha darasa la pili Muheza, mkoani Tanga, Tanzania, kabla ya kuhamia Berlin, na sasa ni mlezi katika shule ya msingi hapa, nashinda darasani pamoja na mwalimu. Wanasoma. Tena wana jambo moja ambalo natamani lifike Muheza kesho asubuhi.

Jumatatu, wakishakaa duara na kusimuliana ya mwisho wa wiki, kila mtoto anapewa karatasi ya mpango wa wiki: kazi za Kijerumani, kazi za hesabu, kurasa za kitabu, na kisanduku cha kutia tiki kila kazi ikiisha. Mwalimu anafundisha vipindi vyake kama kawaida, ila kila siku kuna muda ambao mtoto anaamua mwenyewe aanze na ipi na akae na nani. Ijumaa wanakagua pamoja.

Kuna mvulana wa miaka saba aliyemaliza kwanza kila kazi yenye kuchora na kupaka rangi. Alhamisi akabaki na kurasa tatu za kutoa, machozi yanamlengalenga. Nilitarajia akemewe. Mwalimu akavuta kiti kidogo, akakaa ubavuni mwake, akamuuliza: "Umebakiwa na nini? Na siku ngapi?" Mtoto akahesabu kwa vidole. Wakachagua hesabu za siku ile, nyingine wakaziacha kwa kesho yake. Wiki iliyofuata alianza tena na kuchora, lakini Jumanne alikuwa ameshatoa kitabu cha hesabu bila kuambiwa na mtu.

Kwetu ni kengele, mstarini, ukaguzi wa kucha, somo, kunakili ubaoni, kusahihishiwa. Mtoto anaweza kufika darasa la saba bila kuulizwa hata mara moja angependa kuanza na kazi gani. Akifika kidato cha kwanza tunalalamika kwamba hajui kujisomea. Angejulia wapi?

Najua mtanijibu nini. Berlin darasa lina watoto ishirini na kitu, watu wazima mara nyingi wawili, na tangu 2019 chakula cha mchana shuleni ni bure. Kwetu tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika. Sera inataka watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na wapo wenye mara mbili ya hao. Ni kweli kabisa, na wenzangu walioko kule nawaheshimu mno.

Lakini mpango wa wiki hauhitaji fotokopi. Jumatatu andika kazi tano kwenye kona ya ubao, zichoree mstari zisifutwe hadi Ijumaa, watoto wazinakili kwenye madaftari. Kila dawati liwe kundi. Tenga kipindi kimoja kwa siku, nusu ya darasa wajifanyie wenyewe huku wewe ukiwasikiliza wengine wakisoma kwa sauti. Kwa walimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hii ni nafuu kubwa, maana kumsikia kila mtoto akisoma ndiyo kazi inayotushinda siku zote.

Na hapo watoto wetu wana mtaji mkubwa. Hapa mtoto akianguka uwanjani, wenzake wanakimbia kumwita mtu mzima. Muheza wangekuwa wameshamwinua, wamemkung'uta vumbi, na mmoja kambebea daftari. Watoto wanaofagia darasa wenyewe na kupokezana maji ya kumwagilia miti, nani kasema hawawezi kupanga kazi tano?

Wanaohitaji kubadilika kwanza ni wathibiti ubora wa shule, yaani wakaguzi. Mwalimu hathubutu kuwaachia watoto kipindi kwa hofu ya kuandikwa kwamba hakufundisha. Kipindi hicho kiingizwe kwenye azimio la kazi na kwenye andalio la somo, kwa jina lake, ili mthibiti akifika amkute mwalimu ameketi na mtoto mmoja, wengine wakijifanyia kazi zao, na amwandikie alama nzuri.