Umeme wa Rufiji uingie kwenye sufuria

Mgawo wa umeme ukirudi, mjadala ni uleule: tujenge mitambo mipya au tubane matumizi majumbani? Mimi nauliza kwanza nishati inapotelea wapi. Kwa nyumba nyingi za Tanzania haipotelei kwenye taa. Inapotelea jikoni, kwenye mkaa.

Tazama sufuria ya maharage. Jiko linawashwa saa nne asubuhi, linapepewa, mkaa unaongezwa, na maharage yakiiva adhuhuri makaa bado ni mekundu, yanateketea bure. Joto jingi limepotelea pembeni ya sufuria. Tena kabla mkaa huo haujapimwa kwenye kopo la muuzaji, sehemu kubwa ya nguvu ya mti ilishapotelea porini, kwenye tanuri la udongo. Maharage hayohayo, kwenye jiko la presha la umeme, huiva kwa kama saa moja na hayamalizi uniti moja.

Kwa hiyo matumizi ya umeme ya nyumba hiyo yatapanda, ila nishati inayotumika kwa jumla itashuka sana. Ndiyo maana sikubaliani na wito wa "tumieni umeme kidogo" unaotolewa kwa kila mtu. Familia ya Mbagala, Dar es Salaam, yenye taa tatu, feni na televisheni ipunguze nini? Wito huo wapelekewe wenye viyoyozi vinavyounguruma kutwa kwenye vyumba visivyo na watu.

Kuhusu kujenga, tumeshajenga. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Lakini maji yake yanatoka Kilombero, Ruaha na Luwegu. Misitu ya huko ikigeuzwa mkaa, tope litashuka hadi bwawani na kuchukua nafasi ya maji. Anayeacha mkaa Dar es Salaam analinda umeme wake mwenyewe.

Kinachoniudhi ni bei. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi amepangiwa Sh100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo. Akizidi hapo, kila uniti ya ziada ni Sh350. Sasa mama akianza kupikia umeme, kama Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unavyomhimiza, anavuka mstari huo na kuadhibiwa kwa kufanya jambo jema. Akipiga hesabu yake anarudi kwenye kopo la mkaa, na simlaumu.

Kikomo hicho kipandishwe kwa nyumba zinazopikia umeme, na jiko lenyewe likopeshwe, lilipwe kidogokidogo kila mtu anaponunua LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Hilo lifanyike kabla hatujatafuta fedha za bwawa jingine.