Hakuwa Kuku

Kwanza kabisa, hakuwa kuku.

Najua mmeshaiona ile video. Sekunde 14: mlima, ukungu, na binadamu mmoja anatokea upande wa kulia akirukaruka kama yuko kwenye mbio za magunia. Yule Msaliti (jina lake silitaji, si kwa heshima, ni kwa sababu ana klipu nyingine) ameirusha na maneno "Mpwani afukuzwa na kuku Nyandarua, mita 3,700." Jana kinyozi wangu ameniuliza kama huyo kuku alikuwa wa kienyeji ama wa gredi. Kwa hiyo nimeona nieleze mwenyewe, kabla haijafika Lamu.

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa. Mlima mrefu niliowahi kuukwea utotoni ni ngazi za Fort Jesus. Lakini nimeishi Nairobi miaka sita, na kikundi chetu cha wapandaji wa wikendi kilipotangaza safari ya Satima, kilele kikuu cha milima ya Nyandarua, karibu mita 4,000 kwenda juu, nilijiambia safari hii hawatanicheka. Wao wana mapafu, mimi nitakuwa na elimu. Nikasoma wiki mbili.

Tuliondoka saa tisa usiku, watu 17, na kabla basi halijafika Naivasha nilikuwa nimeshasimama katikati ya viti nikihutubia. Hakuna aliyeniomba. Niliwaeleza kwamba Wakikuyu wanaiita Nyandarua kwa sababu ukiitazama kwa mbali mgongo wake ni kama ngozi iliyowambwa ikauke. Kwamba Satima ni neno la Wamaasai, Ol Doinyo Lesatima, mlima wa ndama dume. Kwamba mwaka 1884 akapita Mskoti mmoja, Joseph Thomson, akaupa safu nzima jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme kule London. Yaani mlima una majina mawili mazuri, mtu anakuja anaubandika jina la bosi.

Kiti cha mbele alikaa mama mmoja wa miaka sabini na kitu, tuliyemwita Shosho, yaani nyanya, na gambuti zake miguuni, fimbo, na chupa ya chai. Kila nilipomaliza jambo alikuwa anaitikia "Ehe," kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa. Nikaona huyu ndiye mwanafunzi wangu. Nikasogea karibu nikaanza kumfundisha Mau Mau, wale waliopigana na Waingereza kutoka msitu huo. Naomba msisahau hapo. Nilimweleza Dedan Kimathi, kiongozi wao, ni nani. Nilimpa tarehe: hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952, na Kimathi akakamatwa 21 Oktoba 1956 huku upande wa Nyeri, baada ya miaka ya kukaa msituni. Nikamweleza na baridi ya msitu huo ilivyo. Mimi. Nikiwa nimefika mji wa Ol Kalou, chini ya milima, na kuishia hapo maishani.

"Ehe," akasema Shosho.

Langoni tulimkuta askari wa wanyamapori wa kutusindikiza, maana huko tembo na nyati wapo na mtu haendi kiholela. Akatazama miguu ya kila mmoja. Wote gambuti, wote gambuti, halafu akafika kwangu. Nilikuwa na viatu vyeupe, vipya, nimevinunua kwa ajili ya picha.

"Hivyo ndivyo utapandia?"

"Ndivyo, afande."

Hakusema kitu. Alitazama mawingu tu, kama mtu anayempa Mungu taarifa.

Hapo langoni nikawapa somo la uzio wa umeme: kilomita 400 kuzunguka milima yote, ulianza 1989 ukamalizika 2009, mwanzoni nia ilikuwa kuwakinga vifaru, mwishowe ukawakinga na wakulima wa viazi dhidi ya tembo. Kwa yaliyonipata baadaye, nadhani siku ile uzio ulikuwa unawakinga wanyama wasinione.

Na niseme ukweli, huko juu ni kuzuri. Nacheza, lakini hapa sichezi. Ukishapita msitu na mianzi, miti inaisha ghafla, mnatoka kwenye uwanda wa nyasi za rangi ya simba, kimya, upana hauishi. Nyasi zenyewe hazikai sawasawa, zimeota vishungi vishungi, kila kishungi kinafika gotini, na kati ya kishungi na kishungi kuna maji meusi yaliyojificha. Halafu kuna yale masenesio. Ni mmea kama kabeji iliyoota juu ya nguzo, mrefu kuliko mtu. Majani yakifa hayadondoki. Yananing'inia yakikauka, yanakuwa blanketi la shina lisigande usiku. Na lobelia nazo zimehifadhi maji katikati ya majani yao; asubuhi ile yalikuwa na utando wa barafu juu. Nikautoboa kwa kidole. Mtoto wa Kisauni natoboa barafu iliyojitengeneza yenyewe, si mbali na ikweta, bila friji. Yule Msaliti alinipiga picha nikitabasamu. Hiyo hakuirusha.

Basi kichwa kikavimba. Tulipoanza kuona majabali yanayoitwa Meno ya Joka, na ukungu ukaanza kushuka, nikashusha sauti nikawaambia la mwisho. Nikawaambia milima hii inajulikana kwa chui weusi. Si chui tu, hata mondo, wale paka mwitu wa huku, wengine huzaliwa weusi tititi. Na nikaongeza, kwa sauti ya msimulizi wa filamu: "Mweusi kwenye ukungu humwoni. Utasikia tu majani yakichakarika."

Wadada wawili wakasogeleana. Nilifurahi sana.

Sasa tumbo. Saa nane usiku nilikunywa pakiti mbili za mala ili nipate nguvu. Kile ambacho sikukisoma katika zile wiki mbili ni kwamba hewa iliyomo tumboni hupanuka kadiri unavyopanda. Watu wakaketi kula mayai na chapati. Mimi nikamnong'oneza afande kwamba nina dharura. Akaniambia, "Usiende mbali." Nikaenda mbali. Wale wadada walikuwa pale, jamani, nifanyeje?

Hatua thelathini hivi nikapata senesio moja nene kama nguzo ya msikiti. Kushoto, ukungu. Kulia, ukungu. Sauti za wenzangu zikafifia. Nikachagua pahali pakavu, juu ya kishungi kikubwa cha nyasi, laini, kama kimeandaliwa. Nikachuchumaa.

(Mnaouliza ni haja gani, hamjibiwi.)

Kimya cha kule si kama kimya cha nyumbani usiku, ambako kuna feni na mbwa wa jirani. Unaisikia damu yako ikipita masikioni. Nikawa nimetulia, nikaanza hata kutunga hotuba ya kileleni.

Chakra.

Majani makavu. Nikajiambia ni upepo. Nikatazama ukungu, ukungu umesimama wima, hauendi kokote. Hakuna upepo.

Chakra, chakra.

Nyuma yangu. Chini. Karibu. Kisha kitu kikanigusa kisigino, polepole, kama mtu anayekagua nyama sokoni. Na ndani ya kichwa changu ikaja sauti, tena nzuri, yenye lafudhi ya pwani: *utasikia tu majani yakichakarika*. Nani alisema hayo? Mimi.

Nikajaribu kukumbuka ukikutana na chui unafanya nini. Nilikuwa nimesoma: usikimbie, na ujioneshe mkubwa. Sasa ndugu zangu, mtu aliyechuchumaa anajioneshaje mkubwa? Nikaamua angalau nivute suruali, taratibu, kidole kwa kidole. Nilikuwa nimeifikisha magotini.

Hapo dunia ikapasuka katikati ya miguu yangu.

Siwezi kueleza vizuri. Ilikuwa kelele kwanza, *krrr-krrr-krrr*, kama mtu anawasha pikipiki ndani ya suruali yako. Halafu mabawa. Kitu kizito, chenye joto, kikanipiga paja la kulia, kikanipiga la kushoto, kikapita mbele ya pua yangu kikiacha nyoya. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kinaweza kuruka. Sikuona rangi, sikuona umbo. Niliona chui. Mnisamehe, mwenye hofu haoni ndege.

Nikakimbia. Tatizo suruali ilikuwa imerudi kwenye vifundo, kwa hiyo haikuwa kukimbia, ilikuwa kuruka kwa miguu miwili pamoja. Kwenye video mnasikia "Chui! Chui!" Msaliti amekata mwanzo. Kabla ya chui nilisema "Mamangu weee," na nalisema hapa mwenyewe ili lisije kutumika dhidi yangu baadaye.

Ruko la kwanza, la pili, ukungu. Ruko la tatu ukungu ukafunguka nikawaona wote, wamepangwa mstari kama wageni wa harusi, kila mmoja na yai lake. Yai la dada mmoja lilikuwa limeganda katikati ya safari ya kwenda mdomoni. Msaliti alikuwa na simu mkononi, eti anarekodi ukungu. Afande alikuwa ameshasimama, bunduki imeshuka begani. Ruko la nne nilijaribu mambo mawili kwa pamoja, kusimama na kuvuta suruali, na mwili ukashindwa kuamua. Ruko la tano nikakosa kishungi.

Chubwi. Hadi kiunoni.

Maji yale ni baridi ambayo Kiswahili changu cha pwani hakina neno lake. Tope likanikumbatia miguu kama mkopo wa simu. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma, kimya. Wote walikuwa wanamtazama huyo chui nyuma yangu.

Nami nikageuka. Akashuka juu ya kishungi, hatua kumi tu kutoka kwangu, akajitingisha. Mnene, wa hudhurungi nyekundu, mdomo mwekundu, miguu myekundu. Akanitazama. Akaondoka kwa miguu, bila haraka, kama mwenye nyumba aliyemfukuza mpangaji.

Afande akairudisha bunduki begani.

"Ngware," akasema.

"Nini?" mtu akauliza.

"Ngware. Kuku wa msituni."

Sasa mnaona neno *kuku* lilikozaliwa. Afande simlaumu, alikuwa anarahisisha. Lakini ni kwale, ndugu zangu, kwale wa Jackson, ndege wa milima mirefu, na wapenzi wa ndege husafiri kutoka ng'ambo kuja kumwona. Wanalipa. Mimi nilimwona kwa ukaribu ambao nadhani haujawahi kuandikwa.

Wakanivuta kwa fimbo ya Shosho. Miguu ikatoka miwili, kiatu kikatoka kimoja. Cha kushoto kiko kule hadi leo. Mboji yenye maji baridi haiozeshi vitu haraka, kwa hiyo siku moja wataalamu wa mambo ya kale watakifukua, cheupe, wakidhani ni cha chifu.

Na suruali ikawa haivaliki. Shosho akafungua begi lake, akatoa leso, akageuza uso pembeni kwa adabu akanipa. "Jifunge, mwanangu." Nikajifunga. Akanimiminia chai. Akasimama kando yangu akiutazama uwanda, muda mrefu, kisha akasema kama anayeendeleza mazungumzo ya kawaida:

"Baba yangu alikaa humu miaka mitatu. Ndege za Waingereza zinapita juu zikiangusha mabomu. Hakuwa na viatu."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimempa tarehe, jamani. Nilikuwa nimemweleza *baridi*.

"Hao ngware," akasema, "ndio walikuwa wanakula."

Mwezi Februari 1952 Elizabeth wa Uingereza alipanda kulala Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti upande wa pili wa milima hiihii, akiwa binti mfalme, akateremka malkia. Mimi niliingia nyuma ya senesio nikiwa mwalimu. Tuishie hapo.

Mengine ni mafupi. Wenzangu walifika kileleni, wakapiga picha. Mimi niliteremshwa na kijana msaidizi wa afande, kiatu kimoja, gambuti moja ya kuazima, na leso kiunoni. Mtu niliyezaliwa kwenye leso, nikaja kuivalia Nyandarua. Njia nzima sikuyasoma maandishi yake. Nilikuja kuyasoma ndani ya basi nikiwa nimekalia mfuko wa nailoni: *Umdhaniaye ndiye kumbe siye*.

Wakazi wa Nairobi mnaoniandikia kuhusu maji, tulieni. Ni kweli maji yenu mengi yanatoka milima hii, lakini ni upande wa kusini, yale ya mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Nilikokuwa mimi maji hushukia mto Malewa, yakaingia Ziwa Naivasha. Watu wa Naivasha, tuongee faraghani.

Nilidhani yameisha. Leo asubuhi mama amenipigia kutoka Kisauni. Video imemfikia kupitia kikundi cha madrasa.

"Mwanangu, huko bara kuku wana ukubwa gani?"

"Mama, hakuwa kuku. Alikuwa kwale."

Akanyamaza kidogo.

"Kwale? Wewe si uliniambia unakwenda Nyandarua?"