Mpagani wa sokoni Kadutu

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba neno "kafiri" tangu mwanzo lilimaanisha adui wa Mungu. Hapana. Mzizi wake wa Kiarabu ni kufunika, na katika Kurani, sura ya 57 aya ya 20, wafasiri wengi wanasoma kuffar, wingi wa kafiri, kuwa wakulima, maana wanafunika mbegu udongoni. Kafiri wa dini anafunika ukweli, anakana neema. Halafu Wareno wakalidaka kwa Waarabu wa pwani, wakaandika cafre kwa Mwafrika yeyote asiye Mwislamu, na kule Afrika Kusini likaishia kuwa tusi la rangi ambalo leo linaweza kukupeleka mahakamani. Dini ilishatoka humo zamani!

Hata "mpagani", lile paganus la Kilatini, alikuwa mtu wa shamba tu. Sisi tulilipokea kwa wamisionari, na hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, limeshahama tena: sokoni Kadutu ukitaja bei ya aibu kwa sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, mama muuzaji anakutazama, "Baba, wewe ni mpagani kweli!" Na huyo baba pengine ni shemasi. Wahubiri wetu, wao wanambandika neno hilo jirani wa kanisa lingine, aliyebatizwa kama wao.