Jumamosi yangu niachieni jamani

Hivi mtu akifundisha Kiingereza ugenini ndo hana wikendi? Wiki nzima nimesimama mbele ya ubao nasahihisha "he go" mpaka sauti imekauka, Jumamosi nimepanda zangu basi nikaone ziwa, begi mapajani, hedifoni masikioni, mara baba wa mwanafunzi wangu huyo kaja kukaa pembeni, eti ticha, mbona mnasema "on the bus" halafu gari dogo ni "in the car"? Nikavua hedifoni nikamjibu, kosa langu hilo, maana akatoa daftari. Daftari! Ndani ya basi! Ziwa lenyewe nimeliona kwa jicho moja, lingine liko kwenye vitenzi vyake. Na jana kanitumia meseji, anauliza wiki ijayo tunaenda wapi.