Nani Kamgusa Mwenzake Kwanza?

Jamani, Goma hii hakuna mtu aliyewahi kumgonga mwenzake. Watu wanagongwa tu. Motari, yaani dereva wa pikipiki, kagongwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, chukudu kagongwa na motari, gunia la makala, yaani mkaa, limepasuka katikati ya mtaa wa Birere, na wapita njia wote wamekuwa mahakimu. "Papa, wewe ndiwe umeniingilia!" Saa nzima. Makala yenyewe watoto wameshaokota.

Kumbe kuna mchezo wa kuchomana kwa panga, ambao ugomvi huo unakatwa na taa. Laura Flessel wa Guadeloupe, visiwa vya Ufaransa, waliyemwita La Guêpe, yaani nyigu, alichukua dhahabu mbili Atlanta mwaka 1996, ya peke yake na ya timu, na ndiyo mara ya kwanza epe ya wanawake, mojawapo ya aina za panga za mchezo huo, kuingia Olimpiki. Sydney shaba, Athens fedha na shaba. London 2012 akabeba bendera ya Ufaransa, 2017 akawa waziri wa michezo. Medali 5, na hakuna shahidi aliyeapa kwa kaburi la babu yake.

Shahidi ni ncha ya upanga. Ina kitufe chenye springi. Waya unapita kwenye mfereji wa upanga, unaingia ndani ya mkono wa nguo, unatokea mgongoni hadi mashine. Kabla ya pambano upanga unasimamishwa wima, juu ya ncha kinawekwa kipande cha gramu 750. Springi ikinyanyue. Ikishindwa, upanga unawekwa kando, maana taa ingewaka hata kwa kupapasa nguo. Gramu 750 kamili! Sisi tunapimiwa maharagwe kwa kopo lililobonyezwa tako mpaka limeota kitovu kwa ndani, na ukiuliza unajibiwa: "Mama, kopo ni kopo."

Kwenye epe unachoma popote, kuanzia barakoa mpaka kidole cha mguu. Ukikosa mguu ukachoma njia ya chuma mnayochezea, taa haiwaki. Ukichoma kile kikombe cha kukinga mkono, haiwaki. Udanganye wapi? Ila upanga unapindwa kila siku, na waya wake hukatika. Hapo unamchoma mtu sawasawa, taa kimya. Ndipo hata bingwa wa Olimpiki anafanana na motari wetu: mikono juu, macho yamemtoka, nimemgusa, nimemgusa!

Wakigusana wakapishana kwa chini ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde, zinawaka taa mbili, kila mmoja pointi yake. Ingekuwa Birere, motari angelipa makala, mwenye chukudu angelipa kioo, kila mtu aende kula sombe yake.

Lakini wakifika 14 kwa 14, yaani imebaki pointi moja tu ya kumaliza, mguso wa pamoja hauhesabiwi. Wanaanza tena. Hiyo kanuni Birere tunaijua bila kufundishwa. Toka saa tatu asubuhi tuko 14 kwa 14.