Jengo la kisasa, dirisha halifunguki

Jamani, hili jengo letu jipya la vioo! Tulivyohamia tuliambiwa ndiyo ofisi ya siku zijazo: taa zinajizima zenyewe, mlango unasoma sura, AC inajipangia baridi. Sawa. Juzi saa saba mchana, jua la Januari la Dar, umeme ukakatika. Jenereta linabeba lifti na taa tu, AC haimo. Madirisha? Hayana hata kitasa. Ghorofa nzima tunajipepea na mafaili, jasho linadondokea kibodi, na mlinzi anasema tuvumilie, "mfumo unajiwasha upya".

Bibi yangu kule Unguja anaishi nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, dari juu huko, madirisha yanatazamana upepo upite. Hana kihisi cha kielektroniki hata kimoja, na mchana anakoroma.

Kioo kinapitisha jua, joto likishaingia halitoki. Hilo hata mkulima wa nyanya kwenye kitalu nyumba analijua. Aliyechora hapa alidhani tuko Helsinki, kule Ulaya kwenye baridi?

Na hizo taa: nikitulia kusoma, zinanizimia. Inabidi nipunge mkono hewani kama nasimamisha daladala.