Mikeka ya Kuzuia Kelele Ndani ya Gari: Kubandika au Kubandua?

Wenye magari mepesi ya mtumba, mfano Toyota Probox, hulalamika kwamba gari likifika kilomita 80 kwa saa abiria hawasikilizani. Mafundi wengi huwashauri wang'oe kapeti na kubandika mikeka ya kuzuia kelele gari zima. Wapo pia, hasa wapenda mbio, wanaobandua hata ile iliyowekwa kiwandani kwa madai kwamba ni uzito wa bure.

Hoja ya wabandikaji ina msingi, ingawa mara nyingi huelezwa vibaya. Mkeka wa kawaida ni mpira laini wa butili, unene wa milimita 2 hivi, uliofunikwa kwa karatasi ya alumini. Kazi yake hasa ni kutuliza mtetemo wa bati: bati linapocheza, mpira hunyumbuliwa kati yake na alumini, na nguvu ya mtetemo ikageuka kuwa joto dogo. Kwa hiyo kipande kinachofunika robo tu ya bati la mlango, kikikaa katikati ambapo mtetemo ni mkubwa, hufanya sehemu kubwa ya kazi, na ukiugonga mlango kwa kidole utausikia umeacha kulia kama debe. Kuzuia sauti inayosafiri hewani ni jambo jingine, nalo hudai uzito: kizuizi kikiongezwa uzito maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali sikio huhitaji upungufu wa desibeli 10 hivi ndipo lihisi kelele imekuwa nusu. Anayefunika gari zima, basi, hubeba kilo tatu au nne za ziada kwa kila mita ya mraba, huku mvumo wa tairi zilizolika, beringi mbovu na mipira ya milango iliyochoka ukiendelea vilevile. Mimi ningeanza na hivyo vitatu.

Lami ya kuezekea paa, inayopendwa kwa bei yake, sishauri kabisa. Gari likianikwa juani hulainika, hunuka na hatimaye huporomoka ndani ya mlango.

Wabanduaji nao hutegemea hoja ya uzito, ambayo kwa gari la mashindano inaeleweka. Kwa gari la kwenda kazini ni kilo chache tu, pengine pungufu ya abiria mmoja. Kazi yenyewe ni ngumu: mikeka ya kiwandani, ambayo ni ya lami, hugandishwa kwa barafu kavu, yaani hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa, yenye nyuzi 78 chini ya sifuri, kisha hupasuliwa kwa nyundo. Barafu hiyo huunguza ngozi, na hewa inayotoka humo yaweza kumkosesha fundi pumzi milango ikiwa imefungwa.

Hata hivyo ipo sababu ya kubandua ambayo pande zote mbili huisahau, nayo ni kutu. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, maji yakipenya chini ya mkeka uliobandikwa juu ya bati chafu, au matundu ya kutolea maji chini ya mlango yakizibwa, bati huliwa kimyakimya. Sakafu ikitoa harufu ya unyevu, mkeka ubanduliwe, kutu isuguliwe, bati lipigwe rangi ya kuzuia kutu na kuachwa likauke kabisa ndipo mkeka mpya ubandikwe. Ile gundi ngumu ya kwenye maungio ya bati iachwe mahali pake, kwani hiyo ndiyo inayozuia maji ya barabarani yasiingie.